Nani Ameshika Kadi? Miaka Thelathini ya Ugomvi wa Skrini katika Linux

Kompyuta nyingi zinazofika mikononi mwa mafundi wa Lubumbashi, iwe katikati ya mji au kwenye vibanda vya Kenya, komini ya mji huohuo, zimekwisha kufanya kazi kwingine. Zilikaa ofisini Ulaya au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikapakiwa kwenye kontena, zikateremshwa Dar es Salaam, zikavuka Tunduma na Zambia nzima kabla ya kuingia Kasumbalesa. Zikifika, Windows yake imechakaa au imejaa virusi, na mwenye mashini akipata mshauri mzuri anawekewa Linux. Hapo ndipo fundi anapokutana na kioo cheusi. Feni inavuma, diski inazunguka, taa inawaka, ila hakuna kinachoonekana. Fundi mzoefu anaiwasha upya, anasubiri menyu ya GRUB, anabonyeza herufi e, anashuka hadi mstari unaoanza na neno linux, anakwenda mwisho wake, anaandika nomodeset, kisha anabonyeza F10. Picha inarudi. Herufi ni nene na skrini imevutika kwa upana, lakini inarudi.

Neno nomodeset ni amri kwa kerneli, yaani kiini cha Linux: usiiguse kadi ya grafiki. Kwamba amri ya namna hiyo ipo, na kwamba bado inatumika, ni matokeo ya ugomvi wa zaidi ya miaka 30 kati ya pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na programu ndogondogo zilizozoea kuzungumza na kadi moja kwa moja bila kumwomba mtu ruhusa. Upande wa pili kulikuwa na viendeshi, ambavyo mafundi wetu waliosoma kwa Kifaransa huviita pilote, vilivyotaka kadi iwe na msimamizi mmoja tu. Viendeshi vilishinda. Ninachokiona mimi katika kisa hiki ni kwamba baadhi ya watu walioandika zile programu za kupitia dirishani ndio hao hao waliokuja kufunga madirisha.

1987–1995: Kadi isiyo na mwenyewe

Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zenye mfumo wa picha ulioitwa VGA. Makampuni mengine yaliuiga, na kwa miaka mingi kadi yoyote ya kompyuta ya PC, hata iwe ya kifahari namna gani, ilianza kazi kila asubuhi kwa kujifanya VGA. Undani wake ulijulikana na wote. Herufi za skrini hukaa kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 0xB8000, picha huanzia 0xA0000, na rejista zinazoamua ukubwa wa picha hufikiwa kupitia bandari zinazoanzia 0x3C0. Ukizijua namba hizo, na ukiwa na ruhusa ya kuziandikia, skrini ni yako. Chini ya DOS kila programu ilikuwa na ruhusa hiyo.

Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 kule Helsinki, kerneli yake ilijua kuonyesha maandishi tu: mistari 25 ya herufi 80. Picha ziliachwa nje ya kerneli, na wakati ule uamuzi huo ulikuwa na busara. Kadi zilikuwa za kila aina, watengenezaji wengi walificha nyaraka zao, na kosa ndani ya kerneli huangusha mashini nzima. Bora picha zishughulikiwe na programu ya kawaida, ikianguka ianguke peke yake. Kazi hiyo ilichukuliwa na XFree86, mradi ulioundwa mwaka 1992 ili kuleta mfumo wa madirisha wa X kwenye kompyuta za PC. Seva ya X iliendeshwa kwa mamlaka ya akaunti ya root, ikiwa na viendeshi vyake yenyewe ndani yake, ikiandika rejista za kadi kwa mkono wake. Kerneli ilikuwa kipofu kwa yote hayo.

Pembeni ya X kulikuwa na njia nyepesi zaidi. Tommy Frandsen aliandika maktaba ndogo iitwayo vgalib, Harm Hanemaayer akaipanua ikawa svgalib kwa ajili ya kadi zenye uwezo kupita VGA, na baadaye Matan Ziv-Av akaitunza kwa miaka. Programu iliyotumia svgalib haikuhitaji madirisha wala panya. Uliandika jina lake kwenye konsoli, skrini ikageuka picha. Mchezo wa Doom, ulioletwa Linux mwaka 1994 na Dave Taylor wa id Software, ulikuwa na toleo la X na toleo la svgalib, na mwenye kompyuta yenye megabaiti 8 za kumbukumbu hakuwa na haja ya kufikiri sana achague lipi.

Gharama ilikuja programu ilipoanguka. Svgalib iliiweka kibodi katika hali ghafi, maana yake kila kitufe kilipelekwa kwa programu badala ya kerneli. Programu ikifa vibaya, skrini inabaki katika hali ya picha, na Ctrl+Alt+F2 haina wa kuisikia. Mwenye mtandao aliingia kutoka mashini nyingine akajaribu kurekebisha. Asiye na mtandao alibonyeza kitufe cha kuwasha upya. Tena michezo ile ilipaswa kuanza ikiwa na mamlaka ya root, hivyo kosa dogo kwenye mchezo liliweza kumpa mtu yeyote funguo za mfumo mzima.

Amani kati ya X na svgalib ilitegemea adabu. Ukitaka kuhama kutoka konsoli moja kwenda nyingine, kerneli ilituma ishara kwa programu iliyoshika skrini, nayo ikahifadhi rejista, ikairudisha kadi katika hali ya herufi, kisha ikajibu kwamba imeachia. Hakukuwa na chochote cha kuilazimisha. Isitoshe, kila mmoja alihifadhi rejista alizozijua yeye. Kadi ikiwa na rejista ambayo X inaijua na svgalib haiijui, kurudi kwenye X kulileta mistari ya rangi isiyosomeka.

1995–2000: Pengwini kwenye skrini

Wa kwanza kusema kwamba kadi lazima isimamiwe na kerneli hawakusikilizwa. Mradi wa GGI, uliosukumwa na Andreas Beck na Steffen Seeger, ulipendekeza sehemu iitwayo KGI ikae ndani ya kerneli, ibadilishe ukubwa wa picha na kuzuia programu kugongana. Torvalds hakuipokea. Watu wa XFree86 nao walikuwa na viendeshi vinavyofanya kazi tayari, hivyo hawakuona kwa nini waanze upya. Ukisoma leo walichokitaka GGI, utaona kwamba karibu hoja zao zote zilikuja kutekelezwa miaka kumi na zaidi baadaye, na watu wengine, kwa jina lingine.

Mlango ulifunguliwa kutoka upande usiotarajiwa. Linux ilipohamishiwa kwenye kompyuta za Atari na Amiga, zenye prosesa za familia ya Motorola 68000, ilikuta mashini hizo hazina kabisa hali ya herufi ya VGA. Ili uone herufi moja ilibidi kerneli yenyewe ichore nukta zake. Martin Schaller alianza kazi hiyo, Geert Uytterhoeven akaiendeleza, na ikazaa mfumo wa fremubafa: kumbukumbu ya picha ambayo kerneli inaionyesha kama faili, /dev/fb0. Kerneli 2.2 ya Januari 1999 iliuleta kwa watumiaji wa PC pia, na sasa mashini ikiwashwa ilionyesha pengwini wa Larry Ewing kwenye kona ya juu.

Kwa kadi zisizo na kiendeshi maalumu kulikuwa na vesafb ya Gerd Knorr. Hii ilitegemea msimbo mdogo ulioandikwa na mtengenezaji na kuhifadhiwa ndani ya kadi yenyewe, BIOS ya video, kwa kufuata kanuni za chama cha VESA. Tatizo ni kwamba msimbo huo ni wa biti 16, wa enzi za DOS, na kerneli ikishaamka haiwezi tena kuuita kirahisi. Kwa hiyo ukubwa wa picha ulichaguliwa mara moja tu, kabla kerneli haijaanza: uliandika vga=791 upate nukta 1024 kwa 768, au vga=788 upate 800 kwa 600, na ukitaka kubadilisha unawasha upya. Namba hizo zilizunguka kwenye karatasi za mafundi kama dawa za kienyeji, na wengi hawakujua zimetoka wapi.

Sasa kadi ilikuwa na wanaoidai watatu. Programu ya svgalib ikimaliza kazi yake iliirudisha skrini kwenye hali ya herufi ya VGA, wakati kerneli ilikuwa inachora herufi zake kwa nukta mahali pengine. Matokeo yake yalikuwa konsoli isiyosomeka mpaka utakapowasha upya.

2000–2007: Wengi mlangoni

Mwaka 2000 XFree86 4.0 ilileta njia ya kuchora picha za pande tatu kwa kasi. Kipande kiitwacho DRM kiliwekwa ndani ya kerneli ili kupeleka amri na kumbukumbu kwenye kadi. Lakini DRM haikugusa ukubwa wa picha. Hiyo iliendelea kuwa kazi ya X. Kwa hiyo kadi moja ya ATI Radeon ingeweza kuwa na radeonfb, kiendeshi cha fremubafa, ndani ya kerneli, DRM ndani ya kerneli hiyo hiyo, na kiendeshi cha X nje, vyote vitatu vikidhani viko nyumbani. Nvidia, iliyotoa kiendeshi chake cha siri, iliwaonya watumiaji katika maelezo yake wasikichanganye na rivafb, kiendeshi cha fremubafa cha kerneli, kwa sababu vyote viwili vingetaka kitu kimoja.

Juu ya hao walikuja wapita njia. MPlayer, programu ya video iliyoanzishwa na Árpád Gereöffy, ilikuwa na njia nyingi za kutoa picha: kupitia X, kupitia svgalib, kupitia /dev/fb0, kupitia BIOS ya VESA, na kupitia vidix ya Nick Kurshev, ambayo iliandika rejista za kadi moja kwa moja ili filamu isikwame kwenye prosesa dhaifu. Ilifanya kazi ya ajabu kwenye mashini kuukuu. Ikikosea, uliijua mara moja.

Laptopu ziliongeza msukumo. Lennart Poettering aliandika atitvout, programu ya kuwasha tundu la televisheni kwenye laptopu zenye kadi za ATI, kwa kuita BIOS ya video. Aliyetaka kuonyesha picha kwenye televisheni na hakuwa na kiendeshi kinachojua tundu hilo aliponea hapo. Programu nyingi za aina hii zilisimama juu ya maktaba moja, lrmi ya Josh Vanderhoof, iliyotumia uwezo wa prosesa za Intel kuendesha msimbo wa biti 16 ndani ya Linux ya biti 32.

Ya kuchekesha zaidi, na yenye ustadi mkubwa, ilikuwa 915resolution ya Steve Tomljenovic. Laptopu zenye skrini pana zilikuwa zimeanza kuuzwa, na chipu za Intel za wakati huo zilikuwa na BIOS ya video isiyojua ukubwa wa skrini hizo. Kiendeshi cha Intel ndani ya X nacho kilitegemea orodha ya BIOS hiyo hiyo, basi picha ya mraba ilivutwa upana na kila mtu akaonekana mnene. 915resolution iliingia kwenye nakala ya BIOS iliyokaa kwenye kumbukumbu, ikafungua ulinzi wake, ikafuta ukubwa mmoja ambao hakuna anayeutumia na kuandika juu yake ukubwa wa skrini yako. X ikaja baadaye, ikasoma orodha, ikauona ukubwa mpya na kuuamini. Intel ilipotoa kiendeshi kipya mwaka 2007, kinachopanga picha bila kuuliza BIOS, hila hiyo ilikosa kazi. Maelekezo ya kuiweka yaliendelea kunakiliwa miaka mingi baadaye, na ukiyafuata leo utapoteza mchana wako.

Wakati huohuo nyumba ya X yenyewe ilipasuka. Mabadiliko ya leseni ya XFree86 mwanzoni mwa 2004 yaliwafukuza waandishi na wasambazaji karibu wote, wakahamia X.Org. Mwaka uliofuata Jon Smirl, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mfumo wa picha, aliandika makala ndefu kuhusu hali ya grafiki katika Linux. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba X, programu ya nje ya kerneli, ilikuwa ikipekua basi ya PCI na kugusa vifaa kana kwamba kerneli haipo. Enzi za GGI maneno kama hayo yalipuuzwa. Sasa watu wa X.Org na wa kerneli walikuwa wamekwisha kukaa meza moja.

Laptopu inayolala isiamke

Mji unaokatiwa umeme unajua thamani ya laptopu inayoweza kulala. Shirika la umeme, SNEL, likikata, na betri ya mitumba ikiwa imebakiwa na dakika chache, unafunga kifuniko, kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu, unafungua umeme ukirudi. Kwenye Linux ya 2004 ulifungua kifuniko na kukuta giza. Mashini ilikuwa imeamka kweli: ungebonyeza vitufe na diski ikajibu. Kadi ya grafiki ndiyo iliyosahau kila kitu.

Sababu yake ni umiliki ule ule usioeleweka. Mashini ikilala, kadi hunyimwa umeme na kupoteza rejista zake. Windows iliwategemea watengenezaji wa viendeshi kuirudisha. Katika Linux, kerneli haikujua kadi ilivyokuwa, kwa sababu X ndiyo iliyoipanga, na X haikujua kwamba mashini ililala mpaka ilipoamshwa. BIOS nayo, katika mashini nyingi, haikujisumbua kuiwasha kadi mara ya pili.

Matthew Garrett aliandika vbetool. Amri yake maarufu, vbetool post, iliendesha tena msimbo wa BIOS ambao huiwasha kadi asubuhi, kana kwamba mashini imetoka dukani. Nyingine zilihifadhi hali ya kadi kabla ya kulala na kuirudisha baadaye. Kwenye prosesa za biti 64, ambako uwezo ule wa kuendesha msimbo wa biti 16 haupatikani, programu hizi zilibidi zibebe x86emu, prosesa ya kuigiza iliyosoma BIOS amri moja baada ya nyingine.

Ilifanya kazi kwenye laptopu fulani na kuiua nyingine. Mashini moja ilitaka post, ya pili ilitaka hali irudishwe bila post, ya tatu ilitaka acpi_sleep=s3_bios kwenye kerneli, ya nne ilitaka vyote pamoja lakini kwa mpangilio. Pavel Machek na wenzake waliandika s2ram iliyobeba orodha ndefu ya aina za laptopu, kila moja na dawa yake, na orodha nyingine kama hiyo ikakaa ndani ya programu za mfumo, HAL na pm-utils. Watu walituma majina ya mashini zao na maneno "hii imeamka" au "hii haikuamka". Sijui kama kuna mradi mwingine wa programu huria uliowahi kukusanya maarifa mengi hivyo ya kupapasa gizani. Laptopu ambayo haikuwamo kwenye orodha ilirudi kwa fundi.

Mwezi Januari 2008 kerneli 2.6.24 iliingiza uvesafb ya Michał Januszewski, na hapo mambo yaligeuka kichwa chini miguu juu: kerneli yenyewe, ikitaka kubadilisha ukubwa wa picha, ilimwomba mtumishi wa nje aitwaye v86d aiendeshee msimbo wa BIOS. Ilikuwa kazi safi, na ilikuja wakati viendeshi vya kweli vilikuwa vinakaribia kumaliza shughuli.

2009–2010: Kerneli yashika usukani

Keith Packard na Eric Anholt wa Intel walianza na kumbukumbu. Mfumo wao uliitwa GEM, uliingia kerneli 2.6.28 mwishoni mwa 2008, na uliipa kerneli uwezo wa kugawa kumbukumbu ya kadi kwa programu mbalimbali. Kisha, mwezi Machi 2009, kerneli 2.6.29 ikaja na kazi ya Jesse Barnes: upangaji wa picha ndani ya kerneli, unaojulikana kwa herufi KMS. Kuanzia hapo kiendeshi cha Intel ndani ya kerneli ndicho kilichochagua ukubwa wa picha, kikakumbuka hali ya kadi, kikairudisha baada ya usingizi. Radeon ilifuata mwaka huohuo katika 2.6.31, na Nouveau, kiendeshi huria cha kadi za Nvidia kilichoanzishwa na Stéphane Marchesin, kikaingia 2.6.33 Februari 2010.

Siku hiyo zana zote za zamani zikawa wavamizi. Kiendeshi cha KMS huweka kumbukumbu yake mwenyewe ya kila rejista. Ukiendesha vbetool post wakati kimeshika kadi, BIOS inaipanga kadi upya nyuma ya mgongo wake. Kiendeshi kinaendelea kuamini kilichoandikwa kwenye daftari lake, kadi iko kwingine, na mwenye laptopu anaona giza au mashini iliyoganda. Watunzaji wa pm-utils walilazimika kuongeza ukaguzi: kama kadi inasimamiwa na KMS, tupa dawa zote za orodha.

Mabadiliko yalikuwa mazuri kwa mashini mpya. Kwa kuukuu yalikuwa magumu. Toleo la Ubuntu 10.04 la Aprili 2010 lilipofika, chipu za Intel za 845 na 855 ziliganda ovyo. Chipu ya 845 ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta kama Dell OptiPlex GX260, mashini za ofisi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo ofisi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuzitoa. Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilikuwa ikituma CD zake bure duniani kote mpaka ilipoacha mwaka 2011, na CD moja ilitumika mpaka ikakwaruzika. Aliyepokea toleo hilo akaliweka kwenye mashini hiyo alipata kioo kinachoganda na sababu asiyoijua. Wakati huohuo Intel iliondoa njia ya zamani kwenye kiendeshi chake cha X, kuanzia toleo 2.10 la mwaka 2010. Ukikataa KMS kwa nomodeset unabaki na VESA tu, isiyo na kasi wala ukubwa sahihi.

Netbuku zenye chipu ya GMA 500 zilikuwa na mkosi wao. Ndani yake kulikuwa na teknolojia ya PowerVR ambayo Intel haikuwa na nyaraka zake za kutoa, na mpaka Alan Cox alipoandika kiendeshi cha gma500, kilichokomaa katika kerneli 3.3 ya mwaka 2012, njia ya kupata nukta 1024 kwa 600 ilikuwa uvesafb na v86d. Hapa zana ya chini iliwafaa watu kuliko kiendeshi chochote kilichokuwepo.

Nvidia iliendelea kuwa habari yake yenyewe. Kiendeshi chake cha siri na Nouveau haviwezi kushika kadi moja, na kwa kuwa Nouveau huamka mapema na KMS, kisakinishi cha Nvidia hukataa kuendelea kikikikuta. Fundi huandika faili chini ya /etc/modprobe.d lenye mstari wa blacklist nouveau, anajenga upya picha ya kuanzia ya kerneli, anawasha tena. Akisahau hatua ya kati, anarudi pale pale. Hasira ya waandishi wa Linux kwa kampuni hiyo ilionekana hadharani Juni 2012, Torvalds alipoitusi mbele ya kamera katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland.

2012–2019: Funguo zinabadilishwa

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianzisha systemd. Mojawapo ya sehemu zake, logind, ilipewa kazi ya kuamua ni kikao gani cha mtumiaji kinachoruhusiwa kushika kadi, na kukinyang'anya mtu anapohama konsoli. Adabu ya enzi za svgalib ikawa sheria. X.Org 1.16 ya Julai 2014 iliweza hatimaye kuendeshwa bila mamlaka ya root, kwa sababu logind iliikabidhi kadi ikiwa tayari imefunguliwa. Mwandishi wa atitvout, aliyekuwa akiita BIOS kwa root ili kuwasha tundu la televisheni, alikuwa sasa ameanzisha mradi unaosimamia mlango.

Matthew Garrett alikwenda mbali zaidi. Kompyuta zilizokuja na Windows 8 mwaka 2012 zilikuwa na Secure Boot, ulinzi unaokataa kuanzisha mfumo usio na sahihi, na Garrett aliandika shim, programu ndogo iliyowezesha Linux kupita hapo. Lakini sahihi haina maana kama mwenye root anaweza kuandika popote kwenye kumbukumbu mfumo ukishaamka. Tangu 2008 kerneli ilikuwa na chaguo la kubana faili la /dev/mem. Mwezi Novemba 2019 kerneli 5.4 ilipokea ulinzi uitwao lockdown, kazi ambayo Garrett aliisukuma kwa miaka. Ukiwashwa, /dev/mem inafungwa, na amri za ioperm na iopl, ambazo kwazo svgalib na lrmi ziliomba kugusa bandari za kadi, zinakataliwa hata kwa root. Kwa hiyo katika mashini yenye Secure Boot na lockdown, vbetool ya Garrett inazuiwa na kerneli ya Garrett. Sidhani kama alijipinga. Mwaka 2004 hakukuwa na mtu mwingine wa kuiamsha kadi. Kufikia 2019 alikuwepo.

Isitoshe, BIOS yenyewe ilikuwa inaondoka. Mashini za UEFI tupu, mfumo ulioirithi BIOS, hazina tena msimbo wa biti 16 wa kuitwa, hivyo zana hizo hata zikiruhusiwa hazina wa kumpigia simu.

2021 hadi sasa

Kipande cha mwisho kilikuwa fremubafa ya zamani. Agosti 2021 kerneli 5.14 ilipokea simpledrm ya Thomas Zimmermann, inayoshika picha iliyoachwa na UEFI na kuisimamia kwa kanuni za DRM mpaka kiendeshi halisi kiamke, kisha inaondolewa kwa utaratibu. Fedora 36 ya Mei 2022 iliitumia badala ya viendeshi vya vesafb na efifb. Mwezi huohuo Nvidia ilifungua msimbo wa sehemu ya kerneli ya kiendeshi chake, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, yaani kadi ambazo mitumba ya kwetu ilikuwa bado haijazifikia.

Upande wa pili wa foleni, vitu vilikuwa vinatolewa. Kerneli 6.3 ya Aprili 2023 ilifuta viendeshi vya DRM vya kizazi cha kwanza, vya kadi za Matrox, 3dfx, SiS, Savage, VIA na Rage 128. Debian 13 ya Agosti 2025 haitoi tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32, na kwa kerneli ya biti 64 uwezo wa prosesa ambao lrmi iliutegemea haupo. Mwenye Pentium 4 ya biti 32 anaweza kubaki na Debian 12 mpaka ulinzi wake utakapoisha, au atafute kwingine.

Kwa laptopu ya Intel ya miaka kumi hivi iliyopita, inayoingia leo kupitia Kasumbalesa, fundi hana la kufanya. Anaweka Linux, skrini inawaka kwa ukubwa wake, inalala, inaamka. Kazi imebaki kwenye kadi za Nvidia zilizoachwa na kampuni yake, ambazo kiendeshi chake cha siri cha zamani hakikubali kerneli mpya na Nouveau inaziendesha polepole. Na imebaki kwenye maelekezo. Mwanafunzi wa informatiki wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi akitafuta kwa Kifaransa kwa nini laptopu yake haiamki, anaweza kupewa ushauri wa 2006 wa kuweka vbetool post kwenye skripti ya kuamka. Ataufuata, na laptopu iliyokuwa ikiamka mara nyingi na kukwama mara chache itakwama kila mara. Kwa hiyo mafundi wanaoijua kazi hii huuliza kwanza toleo la kerneli, kwa amri ya uname -r, kabla hawajagusa kitu kingine chochote.